Mlima Unaozima Injini

Arobaini na nne.

Msumari hakuangalia barabara. Aliangalia geji ya shaba aliyoifunga kwa utepe mweusi juu ya dashibodi. Mshale wake ulikuwa unatetemeka.

Arobaini na moja.

"Mlima wenyewe ndio huu," alisema dereva. Lori lilikuwa limeinua pua, gia ya nne, tela la jokofu likijivuta nyuma yake kama mtoto asiyetaka shule. "Ukiona bango la matairi pale juu, ujue safari imeisha. Sita wamezimikia pale pale. Utadhani wamepeana miadi."

"Usipunguze mwendo, mzee."

"Nani apunguze? Wananiita Breki kwa utani tu, binti. Mimi sijawahi kuzigusa."

Thelathini na tatu.

Msumari aliitazama Casio yake. Saa nne na dakika kumi, asubuhi. Jua kali. Kushoto mwamba, kulia bonde.

Ishirini na mbili.

King'ora kikalia. Taa nyekundu yenye alama ya birika ikawaka.

"Sekunde thelathini," alisema Msumari.

Kila dereva wa malori yale aliujua utaratibu. Presha ya oili ikianguka, kompyuta ya injini inakupa nusu dakika utafute pa kuegesha. Kisha inazima. Haikuombi ruhusa. Injini isiyopata oili inajitafuna, chuma kwa chuma, na kompyuta ile iliundwa ipende injini kuliko inavyompenda dereva.

Kumi na tano.

Breki alilivuta lori pembeni, chini ya bango.

Injini ikazima.

Kimya. Mota ya jokofu la tela peke yake ndiyo iliyoendelea kunguruma.

"La saba," alisema Breki.

Msumari alitabasamu. Halikuwa tabasamu zuri.

Amri ilikuwa imemfikia jana yake, kwenye simu ambayo haikuwa na jina la mtu yeyote ndani.

*Shangazi amepanda basi la saba. Msindikize.*

Maneno sita. Shangazi alikuwa shehena. Basi la saba lilikuwa lori hili. Msindikize maana yake panda, ona, funga pingu, na usirudi na hadithi.

Shehena ilikuwa insulini. Chupa elfu sitini za dawa ya wagonjwa wa kisukari, kwa hospitali zote za ng'ambo ya mlima. Katika wiki tano malori sita yalikuwa yamezimika hapa. Kila mara tela lilifika likiwa na lakiri zake, baridi yake na karatasi zake. Kila mara chupa zilikuwa na maji na chumvi kidogo.

Wagonjwa kumi na tisa walikuwa wamekufa wakichomwa sindano za maji kwa wakati, bila kukosa hata dozi moja.

Wa ishirini alikuwa bado anapumua. Wodi namba nne, kitanda cha dirishani. Madaktari walikuwa wameshamkata vidole viwili vya mguu wa kushoto, na walisema asipopata dawa ya kweli kufikia kesho watafuata mguu wenyewe.

Alikuwa mama yake Msumari.

Makao makuu walikuwa na nadharia. Makao makuu siku zote wana nadharia. Wataalamu wanne wenye tai walikaa kwenye chumba chenye kiyoyozi wakachora setilaiti ubaoni, na mishale kutoka kwenye setilaiti kwenda kwenye kompyuta ya lori. Majasusi wa kigeni, walisema. Wanaizima injini kutoka ng'ambo ya bahari.

Msumari aliuliza swali moja.

"Kuna mtu amefunga geji ya mkono?"

Wakamtazama kama aliyeuliza choo kiko wapi.

Hakuna aliyefunga. Kwenye karakana ya kampuni walikuwa wamechomeka kompyuta, wakasoma hitilafu, wakabadilisha sensa ya presha. Malori sita, sensa sita mpya. Kisha wakayaendesha kwenye barabara tambarare ya nje ya lango, presha ikasimama arobaini na tano kama askari wa gwaride. Wakaandika: *Sensa mbovu. Imebadilishwa.*

Ndiyo maana asubuhi ile, kabla ya kuondoka, Msumari alifungua plagi ya njia kuu ya oili kwenye bloku ya injini, akafunga mpira mwembamba wa presha, akaupitisha hadi ndani ya kabini ya dereva. Geji isiyo na waya wala umeme. Setilaiti haiwezi kuidanganya geji ya namna hiyo.

Na sasa geji ilikuwa imesema neno moja na sensa.

Presha ilianguka kweli.

"Kwa hiyo sensa haikuwa na kosa," alisema Breki akishuka na pembetatu nyekundu za tahadhari mkononi.

"Sensa ilikuwa shahidi wa kweli, mzee. Kila alipotoa ushahidi, walimfukuza kazi."

Msumari alifungua boneti. Akavuta kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakivuta tena. Akakinusa. Hakuna harufu ya dizeli. Hakuna maji. Oili ilikuwa mpya, nyeusi kidogo, na ilikuwa ya kutosha hata ukihesabu mwinamo wa mlima. Filta mpya. Pampu? Pampu iliyochoka ingechoka tambarare vilevile. Beringi zilizolika? Zingelia tangu mjini.

Gari linalokufa mahali pamoja tu halina ugonjwa. Lina sumu.

Alirudi nyuma hatua tano. Akalitazama lori lilivyosimama.

Pua juu. Mkia chini.

"Mzee Breki. Ukiinamisha bakuli la mchuzi, mchuzi unakwenda wapi?"

"Unakwenda kwenye shati langu."

"Unakwenda upande wa chini. Na upande wa juu unabaki mtupu."

Kutoka kwenye begi lake alitoa kifaa ambacho Idara ya ujasusi ilikinunua kwa ajili ya kuchungulia vyumba vya mabalozi. Kamera nyembamba kama tambi, yenye taa kichwani, mita moja na nusu. Aliiingiza kwenye bomba la kijiti cha oili. Ikashuka. Kwenye kioo cha simu yake pakatokea giza, kisha unyevu, kisha tumbo la sampu, bakuli la chuma linalobeba oili chini ya injini.

Oili yote ilikuwa imekimbilia nyuma. Mbele, bomba la kunyonya lilikuwa uchi.

Na juu ya bomba palikuwa na tundu.

Dogo. Kama punje ya dengu.

Kwenye tambarare tundu lile linazama ndani ya oili, na pampu haihisi kitu. Mlimani oili inalikimbia. Pampu inaanza kunyonya hewa badala ya oili, presha inaanguka, kompyuta inaogopa, inazima. Lirudishe lori karakana, liweke sakafuni, lipime mpaka kesho. Limepona.

Halikuhitaji setilaiti. Mlima ulifanya kazi bure.

Msumari alisogeza kamera karibu zaidi.

Kingo za tundu zilikuwa zimelainishwa.

Mhuni anayetoboa bomba anatoboa, anaondoka. Hajali zile nywele za chuma zinazobaki kwenye mdomo wa tundu. Huyu alijali. Alikuwa amechukua ncha kubwa zaidi ya keekee, akaizungusha kwa vidole, taratibu, mara tatu, mpaka kingo zikawa laini kama sikio, ili hata chembe moja ya chuma isije ikaingia kwenye oili na kuikwaruza injini.

Alikuwa ameua watu kumi na tisa na kuionea huruma krenki ya injini.

Msumari alimjua mtu mmoja tu aliyefanya hivyo. Msumari alikuwa na miaka kumi na mmoja alipochapwa rula ya chuma kwenye vidole kwa kuacha kingo kali. *Tundu bila adabu ni kidonda,* mtu huyo alimwambia. *Zungusha. Mara tatu. Tena.*

Kaka yake mama. Aliyemlea baba alipoondoka. Aliyelipigania jina lake liandikwe chuo cha ufundi wakati wote wengine waliposema msichana gani atalala chini ya lori.

Mjomba. Fundi mkuu wa karakana ya kampuni ile ile.

Redio ya Motorola kiunoni ikakoroma.

"Dari kwa Msumari. Umekiona kifaa?"

"Hakuna kifaa. Nimeona tundu."

"Rudia."

"Tundu. Kwenye bomba la kunyonya oili."

Msumari alimwona akilini mkuu wake akiifuta setilaiti ubaoni.

"Nani amelitoboa?"

"Sijui bado."

"Msumari." Sauti ya mkuu ilishuka, ikawa karibu ya upole, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Tuna mafundi wa dizeli wanane kwenye Idara. Unadhani kwa nini tulikupeleka wewe?"

Msumari alichomoa kamera kutoka kwenye bomba.

"Ulikulia kwenye gereji yake. Tulihitaji mtu atakayeutambua mkono."

"Mlijua."

"Tulishuku. Sasa tunajua. Endelea na kazi. Dari, mwisho."

Aliitazama redio kwa muda. Angeweza kuitupa bondeni. Aliirudisha kiunoni.

Sheria ya kampuni ilikuwa moja. Dawa haikai juani. Kichwa cha lori kikizimika, kichwa kingine kinatumwa kuvuta tela, na dereva anabaki kulinda kilichozimika. Kwa hiyo mara sita tela liliondoka bila dereva wake, na mara sita hakuna aliyelitazama kwa muda wa saa nzima.

"Watakuja baada ya dakika ishirini," alisema Breki. "Siku hizi wanaanza kuja hata kabla sijawapigia simu. Nilidhani ni huduma bora."

"Wakija, mimi sikuwepo."

"Ulikuwa nani kwani?"

Msumari alitambaa chini ya tela, akajilaza kwenye kreti la tairi la akiba. Akavuta bastola yake ya Glock, akaiweka kifuani. Vumbi likamwingia puani. Alibana chafya kwa meno.

Kichwa cha uokoaji kilifika kikinguruma kwa sauti aliyoijua kabla hajakiona. Kijani, cha zamani, cha enzi ambazo injini hazikuwa na kompyuta ya kuzionea huruma. Mjomba alikuwa ameifumua injini ile na kuiunda upya, nati kwa nati, kipindi cha likizo moja ndefu. Msichana wa miaka kumi na mmoja ndiye aliyekuwa akimpa spana.

Viatu vya ngozi vikashuka. Vimepigwa rangi, hata kazini.

"Breki! Umeua tena?"

"Limejiua lenyewe, Fundi Mkuu. Mimi ni mfiwa tu."

"Sensa hiyo. Wanatuletea sensa za kuchezea watoto. Kaa hapa, nitarudi na mpya."

"Na chai."

"Na chai, na keki, na mto wa kulalia. Babu mzima una maneno kama kasuku."

Wakacheka wote wawili. Chini ya tela, umbali wa hatua tatu, Msumari alisikiliza kicheko kile na hakusikia popote ndani yake mtu aliyeua.

Hilo ndilo lililomuuma.

Tela likaunganishwa. Safari ikaanza.

Dakika tisa. Kisha kichwa kikakata kulia, kikaacha lami, kikateremka kwenye njia ya kokoto. Mawe yalimrukia Msumari usoni. Kiwanda cha zamani cha kusaga mawe. Uzio wa bati. Ghala. Ndani ya ghala palikuwa na tela lingine jeupe, namba zile zile, lakiri zile zile, mota ya jokofu ikinguruma.

Hawakuhamisha hata boksi. Walibadilisha tela zima. Dakika saba, na ulimwengu haukujua lolote.

Mjomba alizima injini. Hakuwahi kuacha injini ikinguruma bure.

Msumari alihesabu miguu. Viatu vya ngozi, Mjomba. Buti za jeshi, mlinzi, na chini ya mkono wake mdomo wa bunduki ya AK. Na viatu vyeupe vya turubai ambavyo havikuwa na vumbi, jambo lisilowezekana mahali pale isipokuwa kama unabebwa.

"Habari ya asubuhi, bwana fundi mkuu," alisema mwenye viatu vyeupe. Alikuwa mgeni wa nchi. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kila neno limepigwa pasi. "Je, safari ilikuwa njema?"

"Njema. Fanya haraka. Leo sina raha."

Msumari alinong'ona kwenye redio. "Msumari kwa Dari. Wako watatu. Mgeni yupo. Tela halijabadilishwa."

"Magari yako njiani. Dakika kumi na mbili."

"Nina saba."

"Basi wacheleweshe."

Wacheleweshe. Rahisi kusema ukiwa na kiyoyozi.

Alijiviringisha kutoka kwenye kreti, akatambaa kwa viwiko mpaka chini ya kichwa cha kijani. Juu ya uso wake palikuwa na sampu, na kwenye sampu plagi ya kumwagia oili. Alivuta spana mfukoni. Namba ishirini na nne. Hakuhitaji kujaribu saizi. Aliijua injini ile kama meno yake.

Robo mzunguko. Nusu. Mzima.

Alisita.

Kisha akaitoa plagi.

Oili ya moto ikammwagikia mkononi. Akauma kola ya ovaroli lake asipige kelele. Lita thelathini zikaanza kushuka kwenye unga wa mawe, na unga ukanywa bila sauti.

Dakika moja. Mbili. Tatu. Mjomba alikuwa nyuma akizungusha mguu wa tela ili aliteremshe. Nyaya za umeme bado zilikuwa zimechomekwa.

Unga ukashiba.

Mfereji mweusi ukajitokeza polepole kutoka chini ya kichwa, ukapita kando ya buti za jeshi.

Buti zikageuka.

Msumari alifyatua kwanza. Risasi mbili, zote kwenye goti. Mlinzi akaanguka, AK ikaruka ikagonga bati. Msumari akaitelezea, akaipiga teke hadi ndani ya ghala, akasimama.

"Idara! Mikono juu!"

Viatu vyeupe havikuinua mikono. Vilikimbia. Mgeni aliruka ndani ya kichwa cha kijani, akafunga mlango, akawasha. Injini ikaitikia papo hapo, kama ilivyofunzwa. Mguu wa tela ukang'oka ardhini kwa kelele, na lori zima, pamoja na chupa elfu sitini, likaanza kuelekea lango.

Risasi ya Msumari ikapasua kioo cha pembeni. Nyingine ingeweza kupitiliza hadi kwenye tela. Akaishusha bastola.

Alijua hesabu. Injini ya zamani, bila oili, bila kompyuta ya kuizima. Ingeweza kuishi dakika mbili, labda tatu. Dakika tatu zilitosha kufika kwenye lami. Kwenye lami palikuwa na mteremko mrefu, na chini ya mteremko palikuwa na njia tatu.

Alikuwa amekosea. Alitegemea injini ife mapema, na Mjomba alikuwa ameiunda vizuri mno.

Ndipo ikaanza kugonga.

Tok. Tok. Tok-tok-tok.

Mjomba alikuwa amesimama mikono juu, uso umempauka. Aliposikia mlio ule, mikono ikashuka yenyewe. Akautazama mfereji wa oili. Akalitazama lori.

"Zima!" alipiga kelele. "Zima injini! Unaiua!"

Akakimbia.

Mzee wa miaka sitini na mbili, viatu vya ngozi, alikimbia sambamba na lori akarukia ngazi ya mlango. Mgeni akamwelekezea bastola usoni kupitia dirishani. Mjomba hakuiona. Hakuna alichokiona. Aliingiza mkono ndani, akapita juu ya bastola kama mtu anayepita juu ya kikombe cha mwenzake mezani, akaikamata kamba ya kuzimia injini.

Akaivuta.

Injini ikanyamaza. Lori likajikokota mita kumi, likagusa lango la bati, likasimama.

Msumari alikuwa ameshafika upande wa pili. Mlango ukafunguka, mdomo wa Glock ukaingia kwanza.

"Weka hiyo chini. Shuka."

Mgeni akashuka. Alikuwa anatetemeka kwa hasira. "Mzee huyu ni mwendawazimu! Tulikuwa tunaondoka!"

"Hapana," alisema Msumari akimfunga pingu. "Ni fundi."

Kisha akazunguka mbele ya lori. Mjomba alikuwa amekaa kwenye ngazi, paji la uso limeegemea mlango, anasikiliza chuma kikipoa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba," alijibu, kwa mazoea. Kisha akainua kichwa na kumwona aliyemsalimu. "Ni wewe uliyetoa plagi."

"Ni mimi."

"Kwenye injini hii. Unaijua injini hii?"

"Naijua."

"Beringi zimekwisha. Krenki imekwaruzika, nimeisikia. Huwezi kuirudisha tena, vipuri vyake havitengenezwi." Akapapasa mlango. "Nimekufundisha mimi?"

"Umenifundisha kuzungusha mara tatu, Mjomba. Nimeliona tundu lako. Safi sana. Hata chembe."

Mjomba akatazama viatu vyake.

"Kwa nini?" Msumari aliuliza.

"Waliniambia ni vipodozi. Wanakwepa ushuru."

"Mkanda wa jokofu la tela hili uliufunga mwenyewe, saini yako ipo. Vipodozi gani vinasafiri kwenye baridi ya nyuzi nne?"

Mjomba aliifuta mikono yake kwenye suruali, ingawa ilikuwa safi.

"Miaka thelathini," alisema. "Nimewafundisha wote pale. Leo wanakuja na kompyuta, wanachomeka, kompyuta inawaambia sensa, wanabadilisha sensa. Mimi wananiita babu. Nikisema neno wanaitikia *ndiyo babu* na kuendelea. Miaka kumi hakuna mtu aliyeniuliza swali." Akamwonyesha Mgeni kwa kidevu. "Huyu aliniuliza. Alikaa chini, akasema, fundi mkuu, injini inaweza kufa mahali pamoja na kuishi kwingine kote? Sikulala siku mbili. Na nikaweza." Macho yake yaliwaka, kwa nukta moja tu. "Niambie. Kuna hata mmoja wao aliyeligundua?"

"Hakuna."

"Unaona?"

"Kumi na tisa wamekufa, Mjomba. Na dada yako amekatwa vidole viwili. Kesho wanachukua mguu."

Uso wa Mjomba ukazeeka pale pale, mbele yake.

"Sukari yake... alisema imepanda tu. Sikujua dawa ile ingefika kwenye wodi yake."

"Lakini ulijua ingefika kwenye wodi ya mtu."

Mjomba akageuka, akapeleka mikono nyuma. Msumari akamfunga pingu, akahakikisha hazibani. Alijichukia kwa kuhakikisha.

Magari ya Idara yalifika dakika nne baadaye, yakiwa na ving'ora vingi na vumbi jingi kama wao ndio waliofanya kazi. Mkuu akashuka, akalizunguka tela, akazikagua lakiri. Alikuwa na tai.

"Kazi nzuri. Dawa itafika hospitali kabla ya saa nane. Kuhusu mjomba wako, ungependa tuandike kwenye ripoti kwamba—"

"Andika ilivyokuwa."

Alimpa mgongo, akapiga simu wodi namba nne.

Mama yake alipokea kwa sauti ya mtu aliyejifunza kutosogea.

"Dawa inakuja, mama. Ya kweli. Leo hii."

"Mungu awabariki walioileta. Nani alikuwa anaiba?"

Msumari akamwambia. Hakupunguza neno.

Upande wa pili mashine ya kitanda cha jirani ilisikika. Mtu alikohoa.

"Yupo hapo?" mama aliuliza. "Mpe simu."

Aliishika simu kwenye sikio la Mjomba, kwa kuwa mikono yake ilikuwa nyuma. Akageuza uso pembeni, lakini hakuweza kugeuza masikio. Mjomba hakusema mengi. Alisema *dada*. Alisema *hapana, hawajanipiga*. Alisema *ndiyo, nimekula*. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na askari wawili wakatazama mlima.

Msumari akairudisha simu kwake.

"Umemfunga pingu?" mama aliuliza.

"Ndiyo."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Yule ni kaka yangu. Amekula makombo ili wewe uvae sare za shule. Hata hicho unachokijua, ambacho leo umemkamatia, amekupa yeye."

"Najua, mama."

"Na anasema umeivunja ile injini yake. Kwa makusudi."

"Ndiyo."

"Kosa lake atalijibu kwa serikali na kwa Mungu, na kwangu pia atalijibu, mimi ndiye niliyekatwa. Lakini wewe ni mtoto. Hatakaa mahabusu huku mtoto wa dada yake amemvunjia heshima. Kabla hawajamwingiza kwenye gari, mwendee, piga magoti, umwombe radhi."

Lango la bati lilikuwa wazi. Kichwa kipya cha lori kilikuwa kinarudi kinyumenyume kuliunganisha tela, na Breki, ambaye hakuna aliyejua amefikaje, alikuwa anamwelekeza dereva wake kwa mikono yote miwili na matusi. Mjomba alikuwa amesimama kando ya Land Cruiser ya Idara. Alikuwa anamtazama yeye. Alikuwa anasubiri.

Msumari alivua ovaroli lililolowa oili, akalitupa juu ya kokoto. Akaanza kutembea kuelekea lami, taratibu, simu sikioni, mkono ulioungua umening'inia kando. Alipita mbele ya Mjomba kwa umbali wa hatua mbili. Hakusimama.

"Umenisikia?" mama aliuliza. "Nimesema umwombe radhi."

"Nimekusikia, mama. Simwombi."